Karatasi Niliyoikunja Kanisani

Shamba la Bwana Kiko,
njia ya Plateau, Eldoret.
Alhamisi, baada ya mvua.

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa mikono miwili, wewe na Mama na wote wanaoamkia kwenye yale mawe yetu ya Bunyore. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na miguu ya kutembea na hamu ya kula. Mgongo wako je, bado unakukataza kuinama kwenye meza ya useremala? Na Mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi ni mzima, mtoto wake mchanga ameanza kukaa bila kuegemezwa, na mume wake, Baba Enosi, anakusalimu sana. Baridi ya huku ni ile ile. Asubuhi maji ya ndoo yanafunikwa na barafu nyembamba kama kioo, na vidole vyangu huchelewa kuamka kuliko mimi.

Uliniagiza nikuandikie kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, ili usome mwenyewe bila kumwita mwalimu. Nashukuru kwa agizo hilo, maana barua hii nisingependa mwalimu aisome kabla yako.

Baba, nimefanya kosa, na limewaumiza watu walionipokea vizuri. Tangu Jumatatu natafuta namna ya kulisema na sijaipata. Unajua kwangu kusema ni kazi. Mama hucheka kwamba nikitumwa chumvi kwa jirani nitasimama mlangoni hadi jirani anione mwenyewe. Kwa kalamu ni afadhali kidogo. Basi nitaeleza tangu mwanzo, na wewe usinihurumie kabla hujafika mwisho.

Huku mambo yamegeuka haraka tangu vita viishe. Nilipokuja, shamba lilikuwa likilimwa na maksai, kumi na sita kwenye jembe moja, na Baba Enosi akitembea kando yao na mjeledi ambao hakuwapiga nao. Aliwaita tu kwa majina, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita darasa. Halafu ikaja trekta. Ni nyekundu, na sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mwanawe, Enosi mdogo, alisema ni gari la moshi lililopotea njia ya reli. Tulicheka. Mwezi haukuisha, maksai wote kumi na sita wakaswagwa kwenda kwa mchinjaji kule Sisibo, ndivyo watu wa hapa wanavyouita mji wa Eldoret. Baba Enosi alitazama mgongo wa yule wa mwisho hadi ulipopotea kwenye kona. Siku hiyo hakula. Sasa amepewa kazi ya kukaa nyuma ya trekta na kuangalia kwamba jembe halijakwama kwenye jiwe. Anasema trekta haina jina, hata ukiita haigeuzi kichwa.

Watu wengi wa laini yetu, yaani nyumba za wafanyakazi, ni maskwota. Wanamfanyia Bwana kazi, naye anawaachia mahali pa kujenga, kipande cha kulima na nyasi za ng'ombe wao. Bwana mwenyewe tunamwita Bwana Kiko kwa sababu ya kiko chake, hakitoki mdomoni hata akigomba. Kati ya maskwota mkubwa wetu ni Mzee Yohana, mzee wa kanisa. Yeye ni Mnandi, mwenyeji wa hapa hapa, alizaliwa kabla ya ua wa kwanza wa Wazungu kuchimbiwa mashimo. Ana ng'ombe tisa. Mke wake tunamwita Kogo Tabitha, na kogo kwa lugha yao ni nyanya. Nilipofika nikiwa na homa ya kifua, yeye ndiye alinifunika blanketi lake na kuninywesha maziwa ya kwenye kibuyu, yale yenye mkaa ndani, hata nikazoea. Kanisa letu lilikuwa nyumba ya udongo na nyasi karibu na kijito. Humo ndimo nilikuwa nikiwafundisha watoto kusoma asubuhi, maana watoto hawanitishi.

Jumapili kabla ya hii iliyopita, nyapara alikuwa ameenda kwao kumzika baba yake. Bwana Kiko naye alikuwa na safari. Kwa hiyo Jumamosi alimpa Baba Enosi karatasi ya Kiingereza na kumwambia, "Yule msichana wa kwako aliyesoma, awasomee watu wote." Baba Enosi aliileta nyumbani akaitia ndani ya Biblia ya Shangazi, isichafuke.

"Ni habari gani?" akaniuliza Shangazi.

Nilikuwa nimemshika mtoto, na karatasi ilikuwa imefungwa. Nikasema nitaona kesho pamoja na watu. Kosa la kwanza ni hilo, Baba. Nisingeogopa kufungua karatasi ya Mzungu peke yangu, ningejua mapema.

Lazima nikueleze kanisa letu lilivyo. Habari njema yoyote ikisomwa, Mzee Yohana anasimama hapo hapo na kushukuru, na wimbo ukianza hauna mlango wa kutokea. Na baraka ikishatolewa, hakuna anayefungua kinywa tena ndani. Watu wanatoka kimya, wanasalimiana nje. Ndivyo walivyofundishwa na wahubiri wao wa kwanza, wala sijaona mtu akivunja. Msichana kukata sala ya mzee ni jambo ambalo hata kwetu lingesimuliwa miaka.

Niliitwa mbele. Nikafungua karatasi na kusoma mstari wa kwanza kwa Kiingereza, kisha nikautafsiri, "Kwa watu wote wa shamba langu. Nawashukuru kwa kazi njema ya mavuno ya mwaka huu."

Nilinyamaza kuvuta pumzi. Ni hilo tu.

Mzee Yohana alikuwa amekwisha simama. "Mungu ni mwema," akasema.

"Kila wakati," watu wakajibu.

"Wenzetu kwenye mashamba mengine wanafukuzwa na ng'ombe wao kama siafu. Sisi tunaandikiwa asante kwa barua. Nani ameona jambo hili?"

Wimbo ukaanza. Kogo Tabitha alicheza hadi kilemba kikamwangukia mabegani. Mimi nilibaki nimesimama pale mbele na karatasi mkononi, na kwa kuwa sikujua pa kuweka macho, niliyaweka kwenye karatasi. Nikasoma yaliyobaki.

Baba, haya ndiyo yaliyokuwemo. Mstari wa pili ulianza na neno lakini. Ulisema sasa trekta imekuja, na Bwana hana haja tena ya maskwota. Ng'ombe wote wasio wake waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyetaka kuachana na ng'ombe wake aondoke nao. Wanaobaki watabaki kwa mshahara tu. Na nyumba zote za kando ya kijito, pamoja na nyumba ya sala, zitaondolewa ngano ipandwe. Mistari sita. Niliisoma watu wakiimba, nikairudia, nikidhani labda Kiingereza changu ndicho kibaya. Hakikuwa kibaya.

Wimbo ukaisha, Mzee Yohana akafumba macho kuomba. Aliomba sana. Alimwombea Bwana Kiko safari, akakiombea kifua chake, akakiombea hata kiko. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili nilitoa sauti kidogo, Shangazi akanitazama kwa jicho la kuniambia tulia, mtu anaomba. Halafu baraka ikatolewa. Mikono ikashuka, watu wakaanza kutoka kimya, na mimi nikaikunja ile karatasi mara nne na kuitia kwenye kifua cha gauni.

Ungesema, kwa nini hukusema nje? Nilikwenda nje nikiwa na nia ya kusema. Kogo Tabitha akanishika mashavu yote mawili na kuwaambia wanawake, "Huyu mnaona hasemi, kumbe tumbo lake limejaa Kiingereza." Wakacheka, wakanisifu. Nyumbani Shangazi aliimba akisonga ugali. Nikaanza, "Shangazi, ile karatasi..." Akanikatiza, "Karatasi nzuri ile. Laiti baba yako angekusikia leo. Shingo yake ingerefuka." Nikamwekea sahani. Hapa nitakuambia ukweli wote, Baba, hata ukinidharau. Si haya peke yake iliyonifunga. Nilipenda kusifiwa. Katika maisha yangu sijawahi kusimama mbele ya watu wakafurahi kwa ajili yangu, na nilitaka hiyo siku ikae hata kesho. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho ilipofika nikaona ni vigumu zaidi kuliko jana, na keshokutwa zaidi.

Jumatano alikuja mgeni, rafiki ya Mzee Yohana kutoka shamba moja karibu na stesheni ya Plateau, jina lake Yakobo. Kogo aliniita nimsaidie chai. Nilikuwa nimeshika birika Yakobo aliposema, "Bwana wetu bado anapokea mtu na ng'ombe wake. Lakini nafasi ni moja, na wanaoitaka ni wengi. Njoo na zote tisa wiki hii."

Mzee Yohana akacheka. "Unanihamisha wapi, Yakobo? Mimi nimeandikiwa asante. Mpe mwenye shida."

"Una hakika? Mabwana siku hizi wanageuka kama upepo."

"Muulize huyu," akasema Mzee, akinionyesha kwa kidevu. "Karatasi aliisoma yeye."

Yakobo alinitazama, akingoja. Baba, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilimwongezea chai. Kikombe kilikuwa hakijaisha, nikakijaza hadi ikamwagika kwenye sahani. Yakobo akanywa, akaaga, akaenda zake.

Jumamosi wanawake walikubaliana kulipaka kanisa udongo mpya, ndiyo shukrani yao. Walichota udongo mwekundu wa kijitoni, wakachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu. Mimi nilibeba maji, halafu wakanipa ukuta wa upande wa mlango nipake. Niliupaka. Nilijua ukuta ule hautafika mwisho wa mwezi, na bado nilikuwa nikiulainisha kwa kiganja, nikijaza kila ufa vizuri, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Jumapili tukaabudu ndani ya harufu ya udongo mbichi. Nilikuwa nimepanga kusimama wakati wa ushuhuda. Sikusimama.

Jumatatu nyapara alirudi. Alikuja asubuhi na trekta nyuma yake, na mnyororo. Watu wakatoka kwenye nyumba.

"Kwa nini ng'ombe bado wako hapa?" akauliza. "Na hii nyumba mmeipaka ya nini? Siku saba zimebaki. Bwana amesema tuanze na kanisa leo, ndilo halina mtu wa kuhamisha vyombo."

Watu wakatazamana. Nadhani hawakuelewa ni lugha gani anasema.

"Karatasi hamkusomewa?"

Nilisikia shingo za watu zikigeuka. Sikuona, nilikuwa nimetazama chini, lakini nilisikia. Nikasema moyoni, ardhi ipasuke. Ndipo Mzee Yohana akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ilisomwa. Sisi ndio hatukusikia."

Nyapara akatikisa kichwa kama mtu anayeona wazimu. Baba Enosi alikuwa kwenye trekta, ndiyo kazi yake siku hizi, akaambiwa afunge mnyororo kwenye nguzo ya katikati. Alishuka, akasimama. "Sifungi," akasema. Nyapara akafunga mwenyewe. Trekta ikavuta mara moja tu. Nilidhani nyumba ambayo watu wameomba ndani yake miaka mingi ingekataa kidogo, ingeshindana. Ilikaa chini kama mama mzee aliyechoka. Hata vumbi halikupanda, kwa sababu udongo ulikuwa bado mbichi. Ukuta wangu ulianguka mzima mzima, na alama za vidole vyangu zikiwa juu yake.

Shangazi alianza kulia. Mtu mmoja akasema, "Mzee, tuombee basi." Mzee Yohana akavua kofia, akaishika muda, akairudisha kichwani. "Leo sina maneno," akasema. "Nendeni mkatoe vyombo."

Baba, mimi sijawahi kumsikia mtu wa Mungu akisema hana maneno. Hilo lilinishtua kuliko mnyororo. Nililala nikijiuliza kama wema wa Mungu ni kitu cha Jumapili moja. Kama ulikuwa ndani ya ile karatasi, basi uliishia kwenye nukta ya mstari wa kwanza.

Jumanne asubuhi nilimfuata kwenye zizi, akikama. Nilikuwa nimeshika ile karatasi. Nikamwambia yote. Sikulia, na sijui kwa nini, kwa kuwa nalia kwa vidogo zaidi ya hivyo. Yeye aliendelea kukama, maziwa yakipiga kibuyu.

"Nilipoanza kushukuru, ulikuwa umefika wapi?"

"Mstari wa kwanza, Mzee."

"Iliyobaki?"

"Sita."

Akakama. "Hapo kosa ni langu. Kumkata anayesoma si adabu, hata kwa sala. Nilisikia Mzungu ametusifu, nikasema Mungu ni mwema. Mungu nimemtundika kwenye msumari wa mtu. Msumari umeng'olewa, na mimi jana nikadhani yeye ndiye ameanguka." Akasogeza kibuyu. "Lakini Jumatano Yakobo alikuwa kwangu, na wewe ulishika birika."

"Ndiyo, Mzee."

"Hapo mimi sina fungu. Hilo ni lako."

Kogo Tabitha alikuwa nyuma yetu na ndama, amesikia yote. Nilingoja anitukane. Alikuja akanivuta sikio, akavuta kweli, sikio linauma hadi leo, kisha akaniambia, "Nilipokuwa kama wewe hapa hapakuwa na waya hata mmoja. Wakaja Makaburu na magari yao ya kukokotwa, ikaja reli, kikaja kipande cha wanaume kuvaa shingoni, sasa hiki chuma chenye makelele. Kila mmoja akija anatuambia kuanzia leo mambo ni mapya. Na mimi kila mwaka napanda wimbi na linaota. Sasa ungesema mapema, msichana, ningekuwa nimelivuna na kulihamisha."

"Nisamehe, Kogo."

"Nimekusamehe jana. Leo bado nimekasirika. Kula hii." Akanipa kiazi.

Mzee akasema twende Plateau, mimi na yeye, nikamsemee kwa yule Bwana wa Yakobo. Ni mwendo wa asubuhi nzima. Njia yote nilipanga Kiingereza changu, bwana mpendwa, tunakuja mbele yako kwa heshima, na kila nilipokifikisha mwisho kilianguka nikaanza tena. Tulimkuta kwenye ghala. Kumbe ni Kaburu, mzee mwenye ndevu za njano, na Kiingereza chenyewe hataki kukisikia.

"Wewe nataka nini?" akaniuliza kwa Kiswahili kile chao.

Kiingereza kikanikwama tumboni. Nikamwangalia Mzee Yohana. Yeye alikuwa akitazama paa la ghala, kana kwamba halijawahi kuonekana paa kama lile. Basi nikasema, mimi, kwa sauti ambayo nadhani hata watu wa ndani waliisikia. Nilisema huyu ni Mzee Yohana, mtu wa kazi, aliletewa nafasi Jumatano akaikataa kwa sababu yangu, mimi nilijua habari nikamficha. Naomba nafasi yake.

Kaburu akanitazama sana. "Ng'ombe ngapi?"

"Tisa, Bwana."

"Tisa hapana. Wiki ile mimi nasema leta yote. Sasa mtu ingine nakwisha kuja na yake. Tano tu. Tano, mke yake, yeye. Kwisha."

Nne, Baba. Kunyamaza kwangu Jumatano ni ng'ombe wanne. Nilitaka kukaa chini pale pale kwenye makapi. Mzee Yohana alishukuru, tukatoka, akatembea mbele yangu hadi tulipovuka reli.

"Mzee, wewe unasema na Makaburu tangu ujana. Ulijua hatataka Kiingereza?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini umenileta?"

"Usimame mahali ukaseme," akajibu.

Kisha akasimama mwenyewe, hapo kando ya reli, akavua kofia. Nilidhani ataomba kwa sauti kama kanisani. Alisema tu polepole, "Wewe ndiye yule yule," akairudisha kofia, tukaendelea. Sikusema amina, sikuwa na hakika kama sala imeisha. Lakini nimelibeba neno hilo tangu Jumanne. Mungu hakubadilika kati ya mstari wa kwanza na wa pili, Baba. Bwana Kiko alibadilika, shamba lilibadilika, na mimi pia, maana niliingia kanisani msichana mkweli nikatoka mwingine. Yeye alikuwa ndiye yule yule juu ya mistari yote saba, na sikumtegemea, nilitegemea karatasi ikae imekunjwa. Bado ninaogopa. Lakini namtumaini, na si kwa sababu mambo yamekuwa mazuri. Hayajawa.

Jumatano, yaani jana, mbele ya watu wote wa laini, pale kwenye udongo wa kanisa, niliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, nikasema na nilichofanya. Wengine wamenisamehe. Kuna mama mmoja, aliyeezeka nyumba yake nyasi mpya wiki ile niliyonyamaza, hanijibu salamu, wala simlaumu. Shangazi hakusema na mimi hadi jioni. Halafu aliniambia, "Nilikunyamazisha kwa jicho. Hilo jicho nitalijibia mimi." Nikasema hapana, akasema nyamaza, kisha tukacheka kwa sababu amenyamazisha tena.

Sasa nafika mahali ninapokuogopa wewe zaidi ya wote. Wale ng'ombe wanne. Wawili wanakwenda kwa dada yake Mzee, kule chini kwenye rizavu ya Wanandi, nchi waliyobakiziwa. Wawili walikuwa wauzwe kwa mchinjaji yule yule wa Sisibo. Niliposikia hivyo mdomo wangu ulisema wenyewe, "Kwetu Bunyore kuna nyasi kando ya mto."

Mzee Yohana akanigeukia. Kwao kumwachia rafiki ng'ombe akutunzie ni jambo kubwa, ni kama kuoana. Maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenyewe, na watu hao wanakuwa ndugu hata watoto wao.

"Baba yako anajua?"

"Hajui, Mzee."

"Basi mwandikie. Mwandikie yote."

Ndiyo nimeandika. Najua shamba letu ni dogo, najua mgongo wako, najua sikuwa na ruhusa ya kusema nyasi zako. Lakini Baba Enosi amekwisha pata cheti cha kupitisha ng'ombe, na ameomba ruhusa ya siku kumi. Anaondoka kesho, na barua hii anaibeba yeye. Amefurahi kutembea na kitu chenye jina. Ukikataa, mwambie yeye, atawarudisha, nami nitakwenda kumwambia Mzee Yohana kwa mdomo wangu mwenyewe, sitamtuma mtu.

Mimi mwenyewe naomba unikubalie nibaki huku hadi Mzee na Kogo wahamie Plateau. Nataka kumsaidia Kogo kuvuna wimbi, hata kama ni bichi. Watoto nawafundisha nje kwa sasa, wakikaa kwenye nguzo za kanisa.

Nisalimie Mama, umwambie anishike kwenye maombi yake ya asubuhi. Msalimie kaka yangu mkubwa, na shemeji. Nyanya mwambie namkumbuka nikisikia harufu ya moshi wa jioni. Mdogo wangu wa mwisho mwambie asiogope kuuliza shuleni, aulize hadi wamchoke. Mhubiri wetu ukipenda mwonyeshe barua hii, nakuachia wewe.

Nabaki, mikononi mwa Mungu na kwenye makosa yangu,
binti yako akupendaye,
Yunia.

Nimesahau. Kati ya hao ng'ombe wawili wanaokuja kwako, mwenye sikio lililochanika anaitwa Chemosi, ni mpole kabisa, lakini hateremshi maziwa kwa mtu aliyenyamaza. Ukimkama lazima useme naye. Si lazima wimbo, maneno yoyote tu, habari za mvua, za watu. Mwambie Mama aanze tangu siku ya kwanza.